Usambaraveilchen: Jina la Kijerumani Lenye Milima Yetu Ndani Yake

Andika neno Usambaraveilchen kwenye karatasi, kisha uhesabu. Herufi ni 16. Nane za mwanzo ni Usambara, milima ile inayokusindikiza mkono wa kulia ukipita Korogwe na Mombo kuelekea Same. Nane za mwisho ni Veilchen, ua dogo la Ulaya linaloota chini ya majani wakati baridi inapoanza kuachia. Wajerumani hupenda kuunganisha maneno bila kuacha nafasi, na kwa maneno haya mawili wametengeneza jina la ua la chunguni ambalo wengi wao wameliona dirishani kwa bibi zao.

Huenda unalijua hata kama jina lake hulijui. Majani yake ni manene, ya mviringo, yana vinyweleo laini, nayo hujipanga chini kwa duara. Katikati hutoka vikonyo vifupi vyenye maua ya zambarau, na ndani ya kila ua kuna vifuko viwili vya chavua, njano iliyokolea. Siku hizi yapo pia meupe, ya waridi, na yenye kingo zilizojikunja. Harufu halina. Ukilimwagia maji ya baridi juu ya majani hutoka mabaka, kwa hiyo wanaolipenda hulimwagilia kupitia kisahani cha chini.

Mama yangu ni mtu wa Bumbuli, huko huko Usambara, nami naishi Ujerumani. Ndiyo maana jina hili, ambalo kwa wengine ni maandishi tu kwenye kikaratasi cha bei, mimi siwezi kupita mbele yake bila kusimama. Nimelifuatilia kwa muda mrefu, na kadiri ninavyolifuatilia ndivyo ninavyoamini kwamba, kati ya majina yote ambayo ua hili limepewa duniani, la Kijerumani ndilo lililotutendea haki.

Tazama wenzao. Waingereza huliita viola ya Afrika, viola likiwa ndilo ua lile lile la Veilchen. Afrika ipi? Kutoka Tunis hadi Maputo? Waholanzi huliita Kaaps viooltje, viola ya Rasi, kana kwamba liliokotwa Cape Town, na Ufaransa nako utasikia violette du Cap. Rasi ya Tumaini Jema iko mbali kabisa na mahali lilipotoka. Wafini huliita paavalinkukka, ua la Paulo, na huyo Paulo nitamfikia hivi punde. Warusi, ambao wanalipenda kuliko karibu watu wote, husema uzambarskaya fialka, na hapo kuna jambo linalonifurahisha sana: ile “z”. Sisi tunasema Usambara kwa “s” safi. Mjerumani akikuta “s” kati ya irabu mbili huitamka “z”, hivyo kinywani mwake milima yetu ni Uzambara. Mrusi aliipokea kwa sauti ile ile. Sauti moja tu inatosha kuonyesha njia ambayo jina lilipita.

Wajerumani hawakuwa wa kwanza kulipeleka ua hili Ulaya. Mwaka 1884 John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alipeleka sampuli katika bustani ya Kew, London. Mwaka 1887 akafuata William Taylor, mmisionari wa Mombasa. Msomaji wa fasihi yetu atalitambua jina hilo: ni Taylor yule aliyekusanya methali za Waswahili, na ambaye kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua alihifadhi mashairi ya Muyaka bin Haji. Mtu huyo huyo aliyeandika tungo za Muyaka alikusanya pia majani na maua ya bara la nyuma ya Mombasa. Lakini sampuli za wawili hao hazikutosha wataalamu kulieleza ua na kulipa jina. Zikabaki kavu kabatini.

Aliyefanikiwa ni Walter von Saint Paul-Illaire. Alizaliwa Berlin mwaka 1860, akafia huko huko mwaka 1940. Katika ardhi yetu aliingia kupitia kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ile ile ambayo mwaka 1888 ilitaka kushika ushuru na utawala wa miji ya pwani ikawasha vita. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita hivyo, alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka uliofuata, 1890, Saint Paul alichapisha kitabu cha kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Mwaka 1891 akawa mkuu wa wilaya ya Tanga, kazi aliyoishika hadi 1910.

Miaka hiyo inapaswa kusomwa kwa pamoja. Aliyejifunza lugha yetu vizuri kiasi cha kuiandikia kitabu, alijifunza ili atawale. Sioni haja ya kuchagua kati ya mawili haya. Alikuwa na jicho la mmea na sikio la lugha, na alikuwa bwana wa boma. Wala hakuna mtu aliyepanda Usambara miaka ile bila wapagazi, bila waonyesha njia, bila mtu wa kumwambia mto unavukwa wapi. Watu hao ndio walioyajua mawe yenye ua hilo kabla ya yeye kuzaliwa.

Mahali alipolikuta palikuwa pawili, na hili ni muhimu kwa hoja yangu ya mwisho. Pa kwanza palikuwa karibu na mji wa Tanga, mwendo wa saa moja, kwenye nyufa za mawe ya chokaa yenye kivuli, chini ya futi 150 kutoka usawa wa bahari. Aliyewahi kufika upande wa Amboni anaijua nchi hiyo ya mawe na mapango. Pa pili palikuwa juu, katika msitu mkubwa wa Usambara, kiasi cha futi 2,500, juu ya miamba, kivulini vile vile.

Akapeleka ua hilo kwa baba yake, Ulrich, aliyekuwa na shamba Fischbach huko Silesia, eneo ambalo leo liko Poland. Baba alikuwa mpenzi mkubwa wa miti na mimea migeni. Naye akampa Hermann Wendland, mkurugenzi wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen mjini Hannover, mtu aliyekuwa na nyumba za vioo zenye joto na ujuzi wa kutosha. Wendland aliona kwamba mmea huu haukuwa na jenasi, yaani kundi la mimea yenye undugu wa karibu, ya kuingia, akauundia mpya. Mwaka 1893 akachapisha jina: Saintpaulia ionantha. Jenasi aliipa jina la familia ya baba na mwana. Ionantha aliitoa kwenye Kigiriki, ion ni viola na anthos ni ua, yaani lenye maua kama viola. Mwaka huo huo likaonyeshwa Gent, Ubelgiji, na watu wakalishangilia. Kampuni ya mbegu ya Ernst Benary ya Erfurt ikaanza kuliuza, na kwa lugha ya kawaida likawa Usambaraveilchen.

Huu mwaka 1893 haukuwa mwaka mdogo kwa Tanga. Ndio mwaka ambao Richard Hindorf alileta miche ya mkonge: alikuwa na 1,000 mwanzoni, ikafika hai 62, na hiyo 62 ikawa chanzo cha mashamba yaliyobadili sura ya nchi yote kutoka Pangani hadi Mombo. Ndio mwaka ambao ujenzi wa reli ya Usambara ulianzia mjini Tanga. Mkonge ukiingia, reli ikielekezwa bara, ua likitoka. Mkonge tunausimulia, reli tunaisimulia. Ua tumelisahau, labda kwa sababu halikumvunja mtu mgongo.

Sasa nusu ya pili ya jina. Veilchen ni neno la Kilatini lililozeekea Ujerumani. Viola ya Warumi ilikuwa viol katika Kijerumani cha zama za kati, kisha ikaongezewa -chen, kiambishi cha kudogosha, kinachofanya kazi ile ile ambayo ki- inaifanya kwetu tunapotoa kijito kwenye mto. Kwa hiyo Veilchen ni “kiviola”. Na hapa jina la Kijerumani linakosea kibotania, kama linavyokosea la Kiingereza: ua letu si ndugu wa viola. Viola ina mkia mdogo nyuma ya ua, ina harufu, ni ya familia nyingine kabisa. La kwetu ni la familia ya Gesneriaceae. Kilichowavuta ni rangi tu, na udogo, na kule kuinamia ardhi.

Hawakuanza na sisi kufanya hivyo. Ua ambalo wataalamu huliita Cyclamen, Wajerumani huliita Alpenveilchen, viola ya milima ya Alpi, nalo pia halina undugu wowote na viola. Utaratibu wao ni huo: wakikutana na ua dogo la kupendeza wasilolijua, hulipa jina la ua wanalolipenda tangu utotoni, kisha mbele yake huweka jina la mlima. Nikiliona hivyo silioni tena kosa. Usambara iliwekwa kwenye mstari mmoja na Alpi, milima ambayo Mjerumani huitazama kwa heshima.

Linganisha na ua jingine la kwetu, Impatiens walleriana, lile linaloota kando ya vijito na kwenye kivuli kutoka Kenya hadi Msumbiji. Kirk yule yule alilipeleka kutoka Zanzibar, na mwaka 1882 likachapishwa kwa jina Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, ambaye wakati huo alikuwa Barghash bin Said. Baadaye wataalamu waligundua kwamba lilikwisha kupewa jina mwaka 1868, la mmisionari Horace Waller, na jina la Sultani likafutwa. Kwa Kijerumani cha mitaani huitwa Fleißiges Lieschen, Eliza mdogo mchapakazi, kwa vile halichoki kutoa maua. Ni jina tamu. Lakini ukilisikia hutajua kamwe kwamba mmea huo una asili ya huku. Afrika Mashariki imetoka ndani yake yote. Usambaraveilchen lingeweza kupatwa na hayo hayo, likaitwa Lotte au Gretchen, na leo nisingekuwa na cha kuandika.

Kuhusu hiyo nusu ya kwanza. Wenyewe husema Shambaai, nchi ya Washambaa. Watu wa pwani waliweka U- ya nchi, kama kwenye Ugogo na Ukerewe. Johann Krapf alipotoka Mombasa mwaka 1848 kwenda kuonana na Mfalme Kimweri ye Nyumbai kule Vuga, aliiandika nchi hiyo Usambara. Likaingia kwenye ramani, likaingia kwenye vitabu vya Wajerumani, likaingia kwenye reli, likaishia kwenye chungu cha maua. Kwa hiyo si jina ambalo Washambaa wangejiitia nyumbani. Ni jina la njiani, la misafara, la Kiswahili. Na bado mahali panatambulika.

Wajerumani walipotaka wangeweza kufuta majina. Lushoto waliiita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wao. Kilele cha Kibo wakakiita kwa jina la Kaisari huyo huyo. Yote hayo hayapo. Wilhelmstal ni Lushoto na kilele ni Uhuru. Majina yao waliyoyapanda juu ya milima yetu yameng'oka, na jina la milima yetu lililopandwa katika lugha yao limebaki pale pale, linasemwa na watoto wadogo huko Bremen.

Kisha likatokea jambo ambalo Saint Paul asingelidhani. Katika karne ya 20 wataalamu, hasa B. L. Burtt wa Edinburgh, waliongeza spishi moja baada ya nyingine mpaka zikafika karibu 20. Baadhi zilibeba majina ya kwetu: amaniensis ya Amani, magungensis ya Magunga, tongwensis ya Tongwe, shumensis ya Shume. Mwaka 2006 Iain Darbyshire akazipitia upya na kuzipunguza hadi sita, akionyesha kwamba nyingi zilikuwa sura tofauti za ionantha ile ile. Majina ya Amani na Magunga na Tongwe yakateremshwa. Yalinisikitisha, ingawa hoja yake naielewa. Halafu mwaka 2015, baada ya uchunguzi wa vinasaba kuonyesha kwamba Saintpaulia yote imezaliwa ndani ya jenasi kubwa ya Streptocarpus, jenasi nzima ya Saintpaulia iliondolewa. Leo jina la kisayansi ni Streptocarpus ionanthus. Streptocarpus maana yake ni tunda lililosokotwa, na ajabu ni kwamba tunda la ua letu halisokotwi.

Mkuu wa wilaya ya Tanga ametoka kwenye jina rasmi. Wafini bado wanamkumbuka kwa ua la Paulo, na wafanyabiashara wengi bado huandika Saintpaulia kwenye vikaratasi vyao, lakini katika jina la kisayansi la ua hili ameondoka. Usambara imebaki, kwa sababu ilikaa kwenye jina la jikoni na dirishani, ambalo hakuna mkutano wa wataalamu unaoweza kulibadilisha.

Nina jirani mzee ghorofa ya chini ambaye ana maua haya mfululizo kwenye dirisha linalotazama mashariki. Nilimwambia siku moja kwamba Usambara ni mahali, kwamba kuna basi linalopanda kona kwa kona kutoka Mombo, kwamba kule juu asubuhi ukungu unakaa mpaka saa nne. Amelitamka neno hilo tangu msichana. Alinyamaza, akaniomba nimwandikie majina ya vijiji. Kisha akakata jani moja kwa kisu, akalifunga kwenye karatasi yenye unyevu, akanipa. Ndivyo ua hili linavyozaliana: jani moja lenye kikonyo chake, likichomekwa kwenye udongo mwepesi, hutoa vichipukizi chini baada ya wiki kadhaa. Nilimpigia mama nikamweleza. Akauliza, “Si lile la kwenye mawe ya mtoni?” Nikamwambia ndilo. Akasema, “Na wao wanaliweka ndani ya nyumba, mwanangu?”

Swali lake ni zito kuliko alivyodhani. Kwenye nyumba za Ulaya na Marekani lina maisha ya raha. Miaka ya 1920 kampuni ya Armacost & Royston ya Los Angeles iliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, ikachagua mimea bora, mmojawapo ukaitwa Blue Boy, na kutoka hapo yakaja maelfu ya aina. Porini ni habari nyingine. Ua hili linataka jiwe lenye kivuli na unyevu. Ukikata miti iliyo juu ya jiwe, jua linaingia, jiwe linakauka, ua linakufa, hata kama hukuligusa. Usambara ya Mashariki ilipoteza miti mingi kwa magogo katika miaka ya 1970 na 1980, na kabla ya hapo kwa chai na mashamba mengine. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilianzishwa mwaka 1997, na ndiyo moja ya sababu kwamba bado unaweza kulikuta likiwa hai kwenye miamba ya vijito. Ukilikuta, liache hapo. La kupanda nyumbani linapatikana kwa wauza maua, na lile la jiwe halina pengine pa kwenda.

Kwa Kiswahili tuliite nini? “Viola ya Afrika” ni Kiingereza kilichovaa kanzu, nami sikitaki. Mimi nasema ua la Usambara. Najua pingamizi litakalokuja, na ni la haki. Mtu wa Morogoro atasema lipo Uluguru. Mtu wa Taita atasema spishi teitensis inaota kwenye msitu wa Mbololo, na haipo mahali pengine popote duniani. Mtu wa Kilifi ataonyesha mawe ya Kaloleni. Hata Tanga yenyewe inaweza kudai, maana sehemu moja alipolichukua Saint Paul ilikuwa tambarare, karibu na bahari, wala si mlimani.

Wote wana haki. Lakini lile la chunguni, lililopita Fischbach na Hannover na Erfurt, asili yake kuu ni Tanga na milima iliyo nyuma yake, kwa hiyo Usambara inalistahili. Yale mengine yasifichwe chini ya jina hilo. La Uluguru tuliite la Uluguru. La Mbololo, ambalo limebaki na msitu mmoja tu mdogo wa kuishi, liitwe ua la Mbololo, na liandikwe hivyo kwenye kibao pale pale msituni, kwa Kiswahili na kwa Kitaita.